Mbuzi Huyu au Mbuzi Hii? Somo la Kumchagulia Mpishi Zawadi ya Sikukuu

Katika mkutano wa kwanza wa Chama chetu muhula huu, mlezi wa chama alitutaka kila mmoja wetu aandike somo moja la msamiati, tena somo ambalo litamfaa mwenzake hata nje ya darasa. Wenzangu walikimbilia hospitali, bahari na mahakama. Mimi nikachukua jikoni. Sababu yake nitaieleza bila aibu, ingawa wenzangu wa bwenini wanaijua na wameshanicheka vya kutosha.

Mimi ni mtu wa Mumias, lakini shule nasomea hapa pwani. Kule nyumbani ninaye shangazi yangu, dada yake baba, ambaye aliishi Majengo, Mombasa, kwa miaka mingi. Ndiye mpishi wa ukoo mzima. Kukiwa na harusi anaitwa, kukiwa na matanga anaitwa. Na Mumias pilau si kitu kigeni, maana Waislamu wamekuwako kule kwa zaidi ya miaka mia moja. Aliporudi bara, shangazi alikuja na vyombo vyake vyote, ila mbuzi yake ilipasuka ubao njiani, akaitupa. Tangu hapo anakuna nazi kwa kibati alichokitoboatoboa kwa msumari, na kila sikukuu vidole vyake vina vidonda. Nilipokuwa Kidato cha Kwanza niliyaona hayo, nikasema moyoni, huyu mama nitamnunulia mbuzi.

Ilinichukua miaka miwili kuweka akiba. Desemba iliyopita, wiki moja kabla ya kufunga shule, nilikuwa na shilingi 700 kamili, nikaipata mbuzi nzuri ya mbao ngumu, ya kukunja, yenye meno makali. Furaha ikanizidi. Mwalimu wa zamu akaniazima simu dakika mbili, nami nikamwambia shangazi kwa haraka, "Shangazi, nimekununulia mbuzi! Krismasi nakuja naye!"

Naye! Hebu litazameni neno hilo. Kosa langu lote liko katika silabi moja.

Mbuzi mnyama yuko katika ngeli ya A-WA: mbuzi huyu, mbuzi hawa, nitakuja naye. Mbuzi ya kukunia nazi ni kifaa, nayo iko katika ngeli ya I-ZI: mbuzi hii, mbuzi hizi, nitakuja nayo. Laiti ningalisema "nayo", pengine angalielewa, kwani yeye ni mtu wa Majengo. Nasema pengine, maana sisi watu wa bara tuna ugonjwa wetu: hata mnyama tunamwambia "mbuzi yangu imepotea", hivyo upatanisho hautusaidii kutofautisha kitu na mtu wala mnyama na ubao. Ndiyo maana walimu hutukemea kila siku kuhusu ngeli, nasi tunadhani wanatafuta makosa tu.

Nilipofika nyumbani tarehe 24 jioni, mume wa shangazi alikuwa ameshakata majani akayarundika nyuma ya nyumba. Kamba mpya ilikuwa imefungwa kwenye mpera. Shangazi alikuwa amealika nyumba nne, akawaambia kesho kuna nyama. Mimi nikashuka kwenye bodaboda na furushi langu kwapani. Kila mtu akawa anaangalia nyuma yangu.

Nikalifungua furushi. Mume wa shangazi akacheka mpaka akakaa chini. Shangazi naye alicheka kidogo, kisha akanyamaza, akasema polepole, "Mwanangu, nimeshaalika watu." Wallahi nilitamani ardhi ipasuke. Fedha nilizokuwa nazo zilikuwa nauli ya kurudi shuleni tu, na hazikutosha hata paja la mbuzi.

Kilichotuokoa ni kwamba sikuja na mbuzi peke yake. Nilibeba nazi kumi, kwa sababu niliona si haki kumpa mtu kalamu bila wino. Basi shangazi akachinja kuku wawili waliokuwa wakitaga, jambo ambalo najua lilimuuma, nasi tukaketi usiku kukuna nazi. Mbuzi hukaliwa, mwajua, mtu anakaa juu ya kibao na ule ulimi wa chuma wenye meno unatokeza mbele. Machicha tukayatia maji ya vuguvugu, tukakamua kwa kifumbu. Tui la kwanza, lile zito liitwalo kasimile, likawekwa kando ili litiwe mwisho, na tui jepesi likapikia wali. Kesho yake watu walikula kuku wa nazi. Wakala wakashiba, ila mzee mmoja jirani hadi leo akiniona huniuliza, "Kijana, ile mbuzi yako haijazaa tu?" Angalau yeye upatanisho anaujua.

Baada ya kisa hicho ndipo nilipoanza kuuliza watu: mtu apendaye kupika, apewe nini? Nimewauliza mama, wauza vyombo, mpishi wa shule, na wanafunzi wenzangu. Haya ndiyo niliyoyaokota.

Tuanze na moto

Wengi wetu tukitaka kumnunulia mpishi zawadi tunatazama chombo kinachong'aa dukani. Hatuulizi kitapikiwa juu ya moto gani. Hapo ndipo pesa hupotea. Kuna kikaango kile kisichoshika chakula, chenye ngozi nyeusi laini ndani. Ni kizuri sana kwa mtu mwenye gesi au stima, anayeweza kupunguza moto. Mpelekee bibi anayepikia kuni mafigani, uone. Ngozi ile haipendi moto mkali, hasa kikaango kikiwa kitupu, na haipendi kukwaruzwa kwa kijiko cha chuma wala kusuguliwa kwa majivu. Kwa bibi yetu hicho kikaango kitamaliza mwezi mmoja, na mwenye kulaumiwa atakuwa bibi, ati hajui kutunza vitu. Kumbe aliyekosea ni mnunuzi.

Kwa anayetumia makaa, jiko lenyewe laweza kuwa zawadi. Lile jiko la bati lenye udongo wa kuchomwa ndani lilianza kutengenezwa hapa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mafundi wa jua kali ndio walioeneza kazi yake. Ule udongo huzuia joto lisitoroke pembeni, ndiyo sababu hula makaa machache kuliko jiko la bati tupu. Ukienda Kamukunji, Nairobi, utawaona mafundi wakigonga bati tangu asubuhi. Kabla ya kulipa, lipige udongo kwa kidole: likilia kama kigae kizima, sawa, likitoa sauti iliyokufa, huenda lina ufa. Na ukimpa mtu jiko la makaa, mwambie pia asilitie chumbani usiku madirisha yakiwa yamefungwa. Makaa hutoa hewa ya sumu ambayo haina harufu wala rangi, na watu wamelala wasiamke.

(Wavulana, angalieni lugha hapa pia. Ukimwambia kaka yako "sikukuu hii nakuletea jiko", anaweza kuanza kutafuta mahari. Kupata jiko ni kuoa.)

Sufuria, chungu na kisu

Sufuria usiinunue kwa macho, inunue kwa mkono. Iinue. Ile nyepesi kama karatasi itaunguza wali chini huku juu mchele bado una kiini. Sufuria nene hueneza moto taratibu. Tazama kama kitako chake kimekaa sawasawa mezani na kama mfuniko unafunika kweli. Sufuria zetu nyingi ni za alumini, nazo hazipatani sana na vitu vikali kama ukwaju, ndimu au nyanya zikichemka kwa muda mrefu. Ladha hugeuka. Kwa mchuzi wa ukwaju chungu hakina mpinzani.

Hapo kwenye chungu nami nasimama kidogo, maana neno lenyewe ni mtego mwingine. Chungu ni chombo cha udongo (KI-VI: chungu hiki, vyungu hivi). Chungu ni mdudu mdogo (A-WA: chungu huyu). Chungu ni lundo, tunasema chungu ya mawe au watu chungu nzima. Na dawa ya muarobaini ni chungu. Mwalimu wetu aliwahi kutupa sentensi ya "Chungu yumo chunguni" tukadhani anatania.

Chungu kipya hakipikiwi siku ya kwanza. Hulowekwa kwanza, kisha huchemshwa maji au uji polepole ili vitundu vyake vizibe. Na kikiwa motoni usikimiminie maji baridi, kitalia "tatua!" na zawadi yako imekwisha. Kwa hiyo ukimpa mtu ambaye hajazoea chungu, mpe na maelezo, au mpe kitu kingine. Lakini mpishi wa githeri au wa mchuzi wa samaki akipata chungu kizuri atakuombea dua. Chungu hushika moto. Hata ukishakiepua, chakula huendelea kutokota kwa muda.

Kisu nacho kina habari yake. Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, na nyumbani kwetu nimegundua kwamba shida haikuwa kukosa visu. Tulikuwa navyo sita, vyote butu! Kisu butu ni hatari kuliko kikali, kwa kuwa unakisukuma kwa nguvu, kikiteleza kinaingia kidoleni. Badala ya kisu cha saba nilimpa mama kinoo. Kinoo ni jiwe la kunolea, bei yake ni ndogo sana, na visu sita vikafufuka jioni moja. Mama alisema hiyo ndiyo zawadi ya maana kuliko zote nilizowahi kumpa, na mimi nilikuwa karibu kuona haya kuitoa kwa udogo wake.

Vyombo vya mti vimsahauliwe na nani? Mwiko mzuri wa mti mgumu, usio na nyufa, haushindwi na kijiko chochote cha dukani kwa kusonga ugali. Wachongaji wa Wamunyu kule Ukambani wanajulikana kwa vinyago, na mkono unaochonga twiga hauwezi kushindwa na mwiko. Wingi wake ni miiko, na ndiyo, ni neno lile lile la mambo yaliyokatazwa. Kuna pia upawa, ule wa kuchotea mchuzi uliotengenezwa kwa kifuu cha nazi na mpini wa mti. Wingi wake pawa. Kifuu chenye mpini cha kutekea maji mtungini ndicho kata. Wanafunzi wa siku hizi wakisikia kata wanamfikiria chifu.

Viungo

Kama akiba yako haifiki sufuria, nenda kwenye viungo. Marikiti ya Mombasa ukipita tu pua inakwambia umefika. Nunua vizima, usinunue vilivyosagwa. Kiungo kikisagwa harufu yake huanza kutoroka, na pia huwezi kujua kimechanganywa na nini. Karafuu nzima ni kichwa chenye shina dogo. Ikiwa vichwa vingi vimeanguka, ni ya zamani. Iliki iwe ya kijani na ngumu, si iliyofifia ikawa kama majani makavu. Mdalasini ni gamba la mti, ukiuvunja unuke mara moja. Ongeza bizari nyembamba na pilipili manga, umekamilisha pilau. Jihadhari tu na neno bizari. Bizari nyembamba ni mbegu, ile bizari ya manjano ni mzizi uliosagwa, na mwenzangu mmoja alimpelekea mama yake ya manjano akitaka nyembamba. Pilau ilitoka rangi ya ndizi mbivu.

Tia kila kiungo katika kikopo chake chenye kifuniko, andika jina, na umwambie asikiweke juu ya jiko ambako joto na mvuke huviharibu. Kama anacho kinu kidogo na mchi, atatwanga mwenyewe siku ya kupika. Kama hana, basi umeshajua zawadi ya mwaka ujao.

Mwiko ni wa shule

Sasa nije kwa jambo lililonifanya nifikiri zaidi. Mwaka jana sisi wa Kidato cha Tatu tulichanga pesa ili tumpe zawadi mzee wetu mpishi mkuu wa shule kabla ya likizo. Mjadala ulikuwa mkali. Wengine walisema tumnunulie mwiko mpya mkubwa kama kasia, wengine aproni nyeupe, wengine kisu cha nyama. Hatimaye mwenzetu mmoja mwenye busara akasema, kwani tunashindwa kumwuliza? Tukaenda. Mzee akatusikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono, akasema, "Wanangu, mwiko ni wa shule. Miguu ndiyo yangu."

Tukatazama chini. Viatu vyake vilikuwa vimepasuka pande zote mbili, na sakafu ya jikoni haikauki. Kila siku tunapanga foleni mbele yake mara tatu na hakuna aliyewahi kutazama. Tukamnunulia mabuti ya mpira, na pesa zilizobaki zikapata soksi mbili nene.

Kwa hiyo nawauliza wenzangu, hasa wale wanaopanga kumnunulia mama sufuria kubwa zaidi: je, ni zawadi au ni kazi? Mtu apendaye kupika na mtu anayelazimika kupika wanaweza kuwa ni mtu mmoja, siku tofauti. Shangazi yangu anapenda kupika, kwa hiyo mbuzi ilimfurahisha, hata kama haikulia mee. Mama yangu hupika kwa sababu tuko saba na lazima tule. Yeye nilimpa kinoo kwa sababu kinampunguzia kazi. Chombo kinachopunguza kazi ni zawadi kwa wote wawili. Kinachoongeza kazi ni zawadi kwa wale watakaokula. Hapo sina shaka hata kidogo, na dada zangu wa chama wameniunga mkono kwa makofi.

Zawadi isiyo na bei

Wapo wasio na shilingi hata moja, nami nimekuwa mmoja wao. Chukua daftari la kurasa 96. Nenda kwa bibi au kwa mama, umwulize anavyopika chakula kimoja anachosifiwa, uandike. Onyo: utapata taabu ya vipimo. Ukiuliza chumvi kiasi gani, utaambiwa "kiasi". Ukiuliza unga kiasi gani, utaambiwa "mpaka ushike". Kaa naye jikoni, kila anachotia mkononi kitie kwanza kikombeni, uhesabu. Hapo ndipo utakapokutana na maneno ambayo hayamo katika vitabu vyetu vya kiada. Watu wa pwani watakwambia kibaba na pishi. Vibaba vinne ni pishi moja, na mpaka leo pishi husikika mwezi wa Ramadhani kila mtu anapotolewa nafaka ya zakatulfitri. Watu wa bara watakwambia gorogoro, ule mkebe wa kilo mbili hivi unaotumika kupimia mahindi sokoni. Andika yote kama yalivyosemwa. Nimeanza daftari la shangazi na nimefika mapishi kumi na moja. Ukimrudishia daftari limeandikwa kwa mwandiko mzuri, na jina lake juu ya jalada, sidhani kama kuna duka linaloweza kushindana nawe.

Kuhusu kufunga zawadi, mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017, basi tumia kikapu, kiondo au leso. Leso ni zawadi ya pili juu ya ya kwanza, lakini soma jina lake kabla ya kununua! Kuna majina ya kupongeza na kuna majina ya kusuta. Usimfungie mama mkwe wa dada yako chungu kwa leso inayomwambia ameshindwa.

Zoezi

1. Tunga sentensi mbili kwa kila neno, ukionyesha ngeli mbili tofauti au maana mbili tofauti: mbuzi, chungu, kata, mwiko, jiko.

2. Andika wingi wa: upawa, mchi, kinu, kifumbu, kinoo, ungo.

3. Sahihisha: "Mbuzi yangu imekula majani ya jirani, lakini mbuzi wangu wa kukunia nazi amevunjika meno." Eleza ni kosa gani limefanyika mara ngapi.

4. Mchague mtu mmoja anayekupikia. Bila kumwuliza, andika anapikia moto gani, chombo gani chake kimeharibika, na anasimama au anaketi anapopika. Kisha nenda ukamwulize, ulinganishe.

Majibu yaletwe kwa katibu wa Chama kabla ya kufunga shule. La nne msimpe katibu, majibu yake kaeni nayo.